Kununua au Kupanga? Kitenzi Kimoja katika Usajili wa Vikoa

Kitenzi 'kununua', kitumikapo kuhusu majina ya vikoa katika intaneti, huficha hadhi halisi ya mteja. Anayesajili jina hupanga tu kwa muda. Ada isipolipwa, jina humtoka. Mfanyabiashara wa Misugusugu, Kibaha, atakaye jina linaloishia na .tz hulipata kwa kupitia msajili, na hapo ndipo penye mwanya. Msajili aweza kujiandikisha yeye mwenyewe kuwa mwenye jina. Mteja akitaka kuhama, hujikuta hana haki.

Hila za aina hii zimejitokeza kwingineko pia. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Domain Registry of America kwa barua zilizofanana na ankara za kuhuisha usajili, kumbe zilimhamisha mteja kwa msajili mwingine. Mwaka 2008 Network Solutions ilishikilia kwa siku 4 majina yaliyoulizwa na wateja, yasipatikane kwingine.

Istilahi 'mpangaji wa jina' ingemkumbusha mteja swali la msingi: upangaji huu umeandikwa kwa jina la nani?