Kujifunza kupumua chini ya Ghuba ya Chole

Watanzania wengi tumemjua mzamiaji kupitia habari za msiba. Ni yule tunayemwona kwenye televisheni akishuka majini mikono mitupu na kurudi na mwili wa mtu. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 ikielekea Mwanza, nilikuwa mtoto mdogo mjini humo, na mtaani kwetu hapakuwa na nyumba isiyomjua mtu aliyepoteza mpendwa wake. Kisha ikaja Spice Islander katika mkondo wa Nungwi mwaka 2011, Skagit mwaka uliofuata, na MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018. Mtu aliyekulia katika habari hizo akiyaogopa maji, asichekwe. Ana sababu.

Lakini ajali ya Ukara iliniachia jambo jingine. Siku mbili baada ya kivuko kile kupinduka, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai. Alikuwa amejifungia katika chumba kilichobakiwa na hewa. Niliisoma habari ile tena na tena, na nilichokitafuta kila mara kilikuwa kilekile: mtu anawezaje kupumua mahali ambapo maji yamemzunguka pande zote?

Safari ya Mafia ndiyo iliyonipa jibu. Kijiji cha Utende kinatazamana na kisiwa kidogo cha Chole, na ghuba iliyo katikati ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Maji yakipwa, mashua hulala ubavu kwenye mchanga na kina mama huenda miambani kutafuta pweza. Yakijaa, bahari huingia kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi. Nilikwenda huko kikazi, kwa ndege, kwa sababu boti inayovuka kutoka Nyamisati sikuweza hata kuifikiria. Jioni ya kwanza nilisimama ufukweni maji yakiwa magotini, na miguu ikakataa kwenda mbele.

Aliyenifundisha ni kijana wa Mafia aliyekua akivua pweza na babu yake kabla ya kusomea ualimu wa kuzamia. Hakuniambia nijikaze. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu jikaze ndiyo dawa tunayopewa wengi wetu, na majini ni dawa mbaya. Mtu akijikaza huziba pumzi, na mzamiaji akiziba pumzi huku anapanda, hewa iliyo kifuani hutanuka na inaweza kumpasua mapafu.

“Dada,” aliniambia, “humu ndani jambo moja hatulifanyi kabisa. Hatuzuii pumzi.”

Kisha akanichorea mchangani. Juu ya maji hewa hutubana kwa kiasi tulichokizoea tangu kuzaliwa. Ukishuka mita 10, mbano huo unakuwa mara mbili. Mita 20, mara tatu. Puto likishushwa hadi mita 10 litabaki nusu ya ukubwa wake, na likipandishwa litarudi lilivyokuwa. Kanuni hiyo Robert Boyle aliichapisha mwaka 1662. Ndiyo inayofanya masikio yaume kuanzia mita za mwanzo kabisa, kwa hiyo mzamiaji huziba pua na kupuliza taratibu kila anaposhuka kidogo, kabla maumivu hayajaanza. Ndiyo pia inayofanya bomba refu la kupumulia kutoka juu lisiweze kufanya kazi, kwa kuwa kifua hakina nguvu ya kuvuta hewa ya juu huku kinabanwa na maji ya chini. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachotoa hewa ya mtungi pale tu mtu anapovuta, na kuitoa kwa mbano ulio sawa na wa maji yaliyomzunguka. Swali nililoachiwa na ajali ya Ukara lilijibiwa hapo, chini ya mnazi.

Kuogelea nilikuwa nimejifunza Dar es Salaam, katika bwawa, ukubwani. Bila hilo nisingepokelewa. Kozi ya kwanza ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, ambayo mwisho wake ni kina cha mita 18, inakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Unajaza pia fomu ya afya. Mwenye pumu au maradhi ya moyo hupelekwa kwanza kwa daktari. Kuna mahali pengine pwani ambapo niliwahi kuvalishwa mtungi pamoja na kundi zima la wageni, mwalimu akiwa mmoja, bila kuulizwa kama najua kuelea. Nilitoka kabla maji hayajanifika kifuani. Anayetaka kujaribu aulize mapema: mwalimu mmoja anashuka na wanafunzi wangapi?

Zoezi gumu kuliko yote ni la miwani. Unapiga magoti chini, unaacha maji yaijaze, kisha unayatoa kwa kupuliza kwa pua huku umeinua uso. Maji yakigusa pua, mwili mzima huamini kwamba unazama. Mapigo yakanienda mbio, nikaanza kuvuta hewa haraka na kwa juujuu, na pumzi za namna hiyo ni hatari kwa sababu haziitoi vizuri hewa chafu mwilini, na hewa chafu ikizidi, hofu nayo huzidi. Mwalimu alinishika mkono, akanyoosha kiganja chake mbele taratibu, kwa kiasi cha pumzi moja ndefu: toa, toa, toa. Tulirudia zoezi hilo katika maji ya kifua mpaka likanichosha. Nilipochoka nalo, nilijua limeingia.

Siku ya kuzamia Kinasi tuliyangoja maji yaanze kujaa, ili mkondo utuingize ghubani badala ya kututoa nje. Wekundu wa mkanda wangu ulikuwa wa kwanza kupotea, ukawa wa kahawia. Mlio wa injini ulisikika kutoka kila upande, kwa kuwa sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani na masikio hayawezi kujua inakotoka. Nilikuwa nimeelezwa yote hayo, kwa hiyo hayakunitisha. Chewa mkubwa alikaa chini ya jabali akitutazama. Mkunga alichungulia. Ng'amba alipita karibu nasi akielekea juu kuvuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mahali penye maji mengi bila kutaka kuondoka.

Tulipopanda nilimsalimu nahodha, mzee aliyekuwa ametungoja juu muda wote.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Chewa yupo?”

Nikamwambia yupo, chini ya jabali, upande wa ndani. Akacheka kwa furaha. Kinasi anaijua tangu ujana wake: mkondo wake, miamba yake, upepo wa kusi unavyoifunga na kaskazi inavyoifungua. Kushuka na mtungi hajawahi. Aliambiwa ni mambo ya wageni, na bei zilizoandikwa kwa dola zilimthibitishia hivyo. Hili liliniuma, na bado linaniuma. Wanaoishi juu ya bahari hii na kuilinda wanastahili kuiona ilivyo chini, na hoteli zinazojaza mitungi kila asubuhi zinaweza kutenga nafasi chache kwa ajili ya watoto wa Utende na Chole.

Niliahirisha ndege yangu, kwani aliyezamia mara kadhaa anashauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, naitrojeni itoke mwilini. Kwa hiyo nilikuwapo nahodha alipokuja na binti yake wa darasa la sita kuuliza mtoto anaanza na umri gani. Miaka 10, mwalimu akamjibu, lakini kwanza ajue kuogelea. Amlete Jumamosi, maji yakijaa.