Mkulima, lipia matibabu msimu wa mavuno

KWA mkulima mdogo, ugonjwa mmoja wa ghafla waweza kumeza faida ya msimu mzima. Ng'ombe wa maziwa huuzwa kwa bei ya kutupa, na mtaji wa duka huishia hospitalini.

Nchini Kenya, utaratibu wa kugharimia matibabu ulibadilika Oktoba 1, 2024, wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF. Wengi walijisajili wakadhani yamekwisha. Hata hivyo, kujisajili ni hatua ya kwanza tu.

Sheria ya 2023 iliunda hazina tatu. Ya kwanza hutegemea pesa za serikali na hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na 3. Hapa inatosha kuwa umejisajili. Ya pili, SHIF, hugharimia hospitali za ngazi ya 4 hadi 6, na sharti mchango uwe umelipwa. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mkulima au mchuuzi huulizwa kuhusu makao na mali yake, mapato yakakadiriwa, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Familia iliyokadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi hudaiwa Sh6,600 kwa mwaka. Kiwango cha chini kiliwekwa Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Pesa hizi ni rahisi kutenga mavuno yanapouzwa kuliko mgonjwa anapokuwa kitandani.

Zahanati nayo isidharauliwe. Muuguzi huanza kwa kupima joto, shinikizo la damu, mpigo wa moyo na pumzi. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, naye hupumua mara 12 hadi 20. Shinikizo likizidi kuonyesha 140/90 au zaidi, hilo ni onyo hata kama mtu hahisi chochote. Likipuuzwa, huweza kuleta kiharusi au kuharibu figo.

Mfugaji hangoji ng'ombe aanguke ndipo amwangalie. Afya yake mwenyewe yahitaji jicho lilo hilo.

Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.