Miche Iliyozidi: Hesabu Maji Kwanza

Ndugu mkulima wa Bangale, ulipanda kokwa nyingi za maembe ukihofia kwamba nyingine hazitaota. Sasa karibu zote zimeota, na baadhi zimetoa miche miwili au mitatu kila moja. Je, iliyozidi utaifanyia nini?

Usiisonganishe shambani. Mwembe huachiwa nafasi ya meta 10 kila upande, basi eka moja hutosha miembe 40 tu. Tena Bangale si kama ukingoni mwa Mto Tana. Maji hapa ni ya kuteka na kubeba. Jiulize: wakati wa kiangazi nitaweza kunywesha miche mingapi? Ikiwa ni 10, panda 10, kila mmoja katika shimo la futi mbili lenye samadi, na uuzungushie miiba mbuzi wasiufikie. Miembe 10 iliyo hai ni mali. 40 iliyokauka ni kazi bure.

Katika miche iliyobaki, ng'oa iliyo dhaifu. Yenye nguvu itunze kivulini. Ikifikia unene wa penseli, mwombe afisa wa kilimo akuonyeshe jinsi ya kuipachika vijiti vya Ngowe au Apple. Kisha uiuze, au umpe jirani mvua za vuli zianzapo.

Lakini usigawe mche usioujua tabia yake. Mathenge ulipandwa Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni; leo umeziba njia na malisho. Mche mmoja huishi miaka mingi kuliko aliyeutoa.