Njiwa wa udongo walivyonitoa kijasho Uingereza

Msomaji, hebu nikuulize swali kabla hujageuza ukurasa. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, wewe hufanya nini? Wengi hugeuka, wakacheka, kisha wakaendelea na safari yao. Mimi hulala chini. Nimewahi kulala chini mbele ya benki, nikalala chini kwenye foleni ya chakula harusini, na siku moja nikalala chini kanisani mtoto alipopasua puto.

Sababu ni usiku mmoja wa mwaka 2017, ndani ya matatu ya kwenda Kasarani. Wanaume wawili tuliodhani ni abiria wenzetu walisimama ghafla. Mmoja akafyatua bastola, akatoboa paa, kisha akaniwekea mtutu huo shingoni ungali moto huku mwenzake akitupekua. Tuliporwa simu, pesa na hata viatu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mlio ule ulikataa kuniondoka masikioni.

Basi utaelewa kwa nini nilipaliwa na chai Agosti iliyopita, nikiwa likizoni kwa dada yangu anayefanya kazi ya uuguzi kaskazini mwa Uingereza, aliponiambia kwamba mumewe amelipia familia nzima kwenda kupiga shabaha kwa bunduki. Paundi 45 kila mmoja, zaidi ya shilingi 7,000 za Kenya, na hazirudishwi.

"Kaka, hutalazimishwa," dada alisema, kwani ndiye pekee aliyejua kisa cha matatu. "Utakaa nami tuwamiminie chai."

Lakini mpwa wangu wa miaka 14 alikuwa mlangoni amevaa gambuti tayari. "Mjomba, wewe utakuwa wa kwanza," akasema kwa Kiswahili chake chenye pua ya Kiingereza. Ungekuwa wewe ungemjibuje? Nami nilinyamaza, nikatafuta koti.

Mchezo wenyewe huitwa kuwapiga njiwa wa udongo. Usiogope, hakuna ndege anayekufa. Anayerushwa ni kisahani kidogo, mara nyingi cha rangi ya machungwa au cheusi, chenye kipenyo cha sentimita 11 na uzito wa karibu gramu 105. Mashine yenye springi hukitupa hewani kama vile watoto wetu wanavyorusha kifuniko cha ndoo, nawe unatakiwa kukivunja kabla hakijatua. Ajabu ni kwamba siku hizi hata udongo wenyewe haumo. Hutengenezwa kwa mchanganyiko wa lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa.

Jina la njiwa lina historia yake, na si ya kupendeza. Hapo kale njiwa walikuwa hai. Waliwekwa ndani ya visanduku, mpigaji akapaza sauti kuomba kamba ivutwe, sanduku likafunguka, ndege akaruka akapigwa. Mpaka leo mchezaji anayezungumza Kiingereza, akiwa tayari, hupaza neno lenye maana ya "Vuta!" ingawa hakuna kamba tena, ni kubonyeza kidude tu. Wakati wa michezo ya Paris mwaka 1900 njiwa hai waliuawa mbele ya watazamaji, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa kuangusha 21. Kwa bahati njema, wakati huo kibadala kilikuwa kimekwisha kupatikana. Wamarekani walikuwa wamejaribu mipira ya vioo, mingine ikijazwa manyoya ili ikipasuka yatawanyike kama ya ndege. Halafu mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akasajili hataza ya kisahani cha udongo. Visahani vya kwanza vilichomwa kama vyungu, vikawa vigumu mno, ndipo wakatafuta mchanganyiko unaovunjika upesi.

Tulifika shambani saa nne asubuhi. Kilima cha majani mabichi, matope, ng'ombe mbali kidogo, na banda la mbao. Mkufunzi wetu alikuwa mama mwenye mvi, umri wa nyanya yangu mzaa mama alipokuwa angali na nguvu za kulima, kizibao chake kimejaa mifuko ya kutilia risasi. Alitugawia miwani ya kukinga macho, kofia na vikinga masikio vikubwa kama vya marubani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nani hapa anaogopa?"

Shemeji akacheka. Mpwa wangu akanitazama. Nikainua mkono, na nakuambia kweli, mkono ule ulikuwa mzito kuliko bunduki yoyote niliyoshika baadaye.

"Vizuri," mama yule akasema. "Wewe utakuwa wa mwisho. Kaa karibu nami, utazame, na uondoke ukitaka. Anayenitia wasiwasi mimi ni yule asiyeogopa." Alimtazama shemeji kidogo, kicheko kikaisha.

Sheria alizotusomea ningependa uzijue hata kama hutawahi kushika silaha. Bunduki ya mchezo huu ni ya marisau, na mara nyingi ina mitutu miwili iliyolaliana, mmoja juu ya mwingine, na katikati ina kiungo kinachokunjuka. Isipotumika hubebwa imekunjuliwa, ili kila mtu aone kwa macho yake kwamba matundu ni matupu. Risasi hutiwa ukiwa umesimama mahali pa kupigia tu, uso na mtutu vikielekea kwenye uwanja mtupu. Ukitaka kuzungumza na mtu, kwanza ifungue. Mpwa wangu aligeuka nusu hatua kunipungia mkono huku ameishika, na japo haikuwa na kitu, mama yule aliipokonya, akamkalisha dakika tano. Dada yangu hakusema neno, ila niliona amefurahi.

Na hapa pana siri itakayokufaa leo hii sebuleni. Kabla ya yote alitupima macho, kwani watu wengi wana jicho moja linalotawala jingine. Nyosha mikono mbele, unganisha viganja ubakize tundu dogo katikati, kisha tazama saa ya ukutani kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Sasa fumba jicho moja, kisha jingine. Jicho ambalo ukilifumba saa inapotea ndilo jicho lako kuu. Wajaribu watoto, watafurahi. Mimi, mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa, niligundua kwamba jicho langu kuu ni la kushoto. Ikabidi mama yule anibandikie kipande cha gundi juu ya kioo cha kushoto cha miwani, la sivyo ningekuwa nalenga Scotland.

Ila usidhani kulenga ndiko kazi. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Bunduki hii haitoi risasi moja bali mamia ya chembe ndogo za risasi zinazotawanyika. Chembe hizo huenda kasi, lakini hazifiki papo hapo. Tuseme kisahani kinapita mbele yako umbali wa mita 30, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Marisau yatachukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kukifikia, na katika muda huo kisahani kitakuwa kimesogea zaidi ya mita moja na nusu. Ukikipiga pale ulipokiona, umepiga hewa. Lazima upige pale kitakapokuwa.

Hujaelewa? Kumbuka mchezo wa kati tuliocheza shuleni. Mtoto anakimbia katikati, nawe una mpira. Hukumrushia alipo, ulimrushia mbele yake, na hakuna mwalimu aliyekufundisha hesabu hiyo. Mama yule wa Kiingereza hakuwahi kusikia habari za kati, lakini nilipomweleza alipiga kofi kwa furaha. "Ndiyo hiyo! Na mkono wako uliendelea kwenda baada ya kuachia mpira, sivyo?" Kosa la wageni, akasema, ni kuusimamisha mtutu wanapovuta kifyatuo. Mtutu uendelee tu kukifuata kisahani, na macho yawe kwa kisahani, si kwa bunduki.

Shemeji, aliyekuwa amesoma vitabu viwili kujitayarisha, alipiga kumi za kwanza akakosa tisa. Mpwa wangu alianza vibaya kisha akaelewa, akawa anapiga kelele kila kisahani kinapogeuka vumbi. Dada yangu, ambaye alikuja kumimina chai, aliambiwa ajaribu moja tu. Akavunja. Akajaribu ya pili. Akavunja. Thamosi ikasahauliwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa hatua tano nyuma, na kila mlio nilikuwa naruka. Vikinga masikio hupunguza kelele, lakini hewa inayogonga kifua haizuiliki. Baada ya milio kama ishirini mpwa wangu aligundua. Akaja akaketi kando yangu, hakuuliza kitu, akanipa biskuti. Nikamwambia kisa cha matatu, chote, paa lililotobolewa na shingo iliyoungua. Alinyamaza kwa muda. "Mjomba, tunaweza kwenda kukaa garini," akasema.

Ningekuwa mkweli kwako nikisema nilitaka sana kwenda garini. Sijui hata leo kilichonifanya nisimame.

Mama yule alinibadilishia bunduki, akanipa nyepesi zaidi na risasi ndogo za gramu 21 badala ya 28. Akanielekeza: mguu wa kushoto mbele, uzito uwe juu yake, kitako kibanwe vizuri kwenye shimo la bega, shavu lilale juu ya mbao. Ukiacha nafasi kati ya kitako na bega, bunduki itakupiga teke kama punda. Akasimama nyuma yangu, kiganja mgongoni mwangu, akaniambia nisiwe na haraka. Nilikaa hivyo dakika nzima. Kisha nikasema "Vuta!" kwa Kiswahili, na kisahani kikaruka.

Nilifumba macho. Nilifyatua nikiwa nimefumba macho yote mawili, na nasikia risasi ilikwenda kwa malaika. Magoti yalitetemeka hadi ikabidi aichukue bunduki. Nililia pia, usinicheke. Nilikunywa maji, nikarudi.

Ya pili, ya tatu, ya nne, zote zilipita. Katika ya tisa au ya kumi nilikuwa nimekasirishwa na kile kisahani, kwani kilipita njia ile ile kila mara na kunidharau. Nikakifuata, nikakipita kidogo, nikafyatua huku mtutu ukiendelea kwenda. Kikawa vumbi jeusi. Ni baada ya wote kupiga makofi ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeusikia mlio.

Matokeo ya risasi 25 kwa kila mmoja yalikuwa hivi: dada 14, mpwa wangu 11, shemeji tisa, nami sita. Shemeji alilaumu upepo. Mwishoni tulirushiwa "sungura", yaani kisahani kinachosimama wima na kubiringika chini kikirukaruka kwenye majani. Hakuna aliyekipata, hata dada.

Ukipata nafasi kama hiyo ng'ambo, yapo mambo machache ya kujua. Uingereza, sheria ya silaha ya mwaka 1968 huruhusu mtu asiye na cheti kupiga shabaha hizi mahali palipoidhinishwa na polisi, kwa hivyo uliza kwanza kama pana idhini hiyo na kama pana mkufunzi. Nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ina sumu. Usibebe maganda matupu kama kumbukumbu, kwani wakaguzi wa uwanja wa ndege hawatayaonea utani. Mpwa wangu alinijazia mfuko mzima, dada akaumwaga. Na ukirudi nyumbani kumbuka Kenya ni Kenya: bunduki bila leseni ni kesi, hata kama ni ya mjomba na ni ya kujaribu tu.

Nimewasimulia wanafunzi kadhaa wa mtaani, na wasichana ndio waliouliza maswali mengi. Niliwaambia habari za Zhang Shan wa China, ambaye mwaka 1992 huko Barcelona aliwashinda wanaume akatwaa dhahabu katika aina ya mchezo huu ambapo jinsia zote zilishindana pamoja. Atlanta 1996 wanawake wakakosa nafasi kabisa katika aina hiyo, hadi walipopewa yao Sydney mwaka 2000. Na huko Paris 2024, Adriana Ruano aliipatia Guatemala dhahabu yake ya kwanza katika historia ya Olimpiki. Alikuwa mwanasarakasi wa mazoezi ya viungo hadi alipoumia uti wa mgongo, akaelekezwa kwenye shabaha kwa sababu mchezo huo ungemfaa mtu mwenye mgongo wake.

Bega langu lilikuwa na alama ya zambarau kwa siku tisa. Juzi gurudumu lilipasuka karibu na ofisi yetu, nikainama kama kawaida, ingawa sikufika chini. Kisahani kizima ambacho mpwa wangu alikiokota majanini kiko mezani pangu, naweka funguo.

Limebaki jambo moja. Mama yangu hajawahi kuambiwa kisa cha matatu ya mwaka 2017. Tulikubaliana na dada tusimtie hofu. Lakini Mama hununua gazeti hili kila Jumapili akitoka kanisani, naye huanza na ukurasa huu. Natarajia simu kabla ya saa saba.