Markup na margin: faida moja, asilimia mbili

Jozi ya viatu imenunuliwa Kariakoo kwa bei ya jumla ya Sh. 8,000 na kuuzwa Sh. 10,000. Faida ni Sh. 2,000, hilo halina ubishi. Mzozo huanza faida hiyo inapotajwa kwa asilimia. Muuzaji atasema amepata asilimia 25. Mhasibu wake ataandika 20. Wote wawili wako sahihi.

Asilimia 25 ndiyo Waingereza wanayoiita markup, yaani nyongeza juu ya bei ya kununulia: Sh. 2,000 hugawanywa kwa 8,000. Asilimia 20 ni margin, neno ambalo kwa asili ni ukingo, au pambizo ya karatasi. Katika biashara ni sehemu ya mauzo inayobaki baada ya kutoa gharama ya bidhaa, kwa hiyo 2,000 hugawanywa kwa 10,000. Markup yaweza kufika asilimia 100, hata 300. Margin haifiki 100 maadamu bidhaa ilinunuliwa.

Hasara hujipenyeza kwenye punguzo. Mwenye duka aliyeongeza asilimia 25 hutangaza punguzo la asilimia 25 msimu wa sikukuu, akidhani angalau mtaji wake utarudi. Kumbe punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia, yaani Sh. 2,500. Viatu vinatoka kwa Sh. 7,500, na Sh. 500 za mtaji zinaondoka na mteja kwa kila jozi. Hapo pango la duka na mshahara wa msaidizi bado havijaguswa.

Anayetaka kubakiwa na asilimia 25 ya mauzo agawanye Sh. 8,000 kwa 0.75. Bei itakuwa karibu Sh. 10,670. Kama wateja hawaimudu bei hiyo, ni heri alijue hilo kabla ya kubandika tangazo la punguzo.

Mwenye hisa naye anahusika. Katika hesabu za kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, margin hupigwa kwa mauzo. Kampuni yenye gross margin ya asilimia 30 isilinganishwe na duka linaloongeza asilimia 30 juu ya gharama. Duka hilo linabakiwa na Sh. 23 hivi katika kila Sh. 100 za mauzo. Na mteja wa New York anayenunua hisa "kwa margin" yuko kwenye jambo jingine kabisa: ananunua kwa fedha alizokopeshwa na wakala wake.