Matundu ya chekecheo letu

Somo: Luka 15:3-7

Katika Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Kanada, bahari hupanda na kushuka kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufika mita 16. Maji yakipwa, midomo ya mito inayoingia kwenye ghuba hiyo hubaki uwanda mpana wa tope. Mpita njia akiutazama ataona tope tupu.

Ndani ya tope hilo wamo viumbe wadogo wa jamii ya kamba na kaa. Mkubwa wao ana urefu wa sentimita moja hivi, na kila mmoja hujichimbia kishimo chenye umbo la herufi U. Katika mita moja ya mraba wanaweza kuwemo zaidi ya 10,000. Kila mwaka, Julai na Agosti, malaki ya vitwitwi hutua hapo wakitoka kaskazini ya mbali. Hula kwa wiki mbili au tatu, uzito wao ukipanda kutoka gramu 20 hivi hadi 40 hivi. Kisha huruka juu ya bahari bila kutua, zaidi ya kilomita 4,000, hadi Amerika Kusini. Tope likikosa viumbe hao, ndege hana nguvu za safari.

Ndiyo maana wako watafiti wanaowahesabu. Maji yakipwa, huvaa mabuti na kuingia topeni. Hukokota bomba fupi, hulididimiza kwenye tope, hulitoa pamoja na kilichomo, kisha huweka alama ya mahali lilipochukuliwa. Husogea hatua kadhaa na kurudia, kutoka ufukweni kuelekea majini, wakiharakisha kabla bahari haijarudi. Baadaye huliosha tope kwenye chekecheo, na waliobaki huhesabiwa mmoja mmoja, wadogo zaidi kwa hadubini.

Kazi yote hiyo inategemea matundu ya chekecheo. Matundu yakiwa makubwa, wakubwa hubaki na wachanga huponyoka na maji. Mtu anaweza kuandika kwamba hapa hakuna wachanga, kumbe wamejaa. Hivyo mtafiti makini huandika pia kwenye ripoti ukubwa wa matundu aliyotumia, ili msomaji ajue ni nani wangeweza kupita bila kuonekana.

Wapendwa, makanisa yetu nayo huhesabu. Tunajua sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa kiasi gani. Tunajua ni nani hajamaliza ahadi ya ujenzi. Lakini yule mama aliyekuwa akikaa benchi la nyuma, asiye na bahasha wala cheo, ameacha kuja tangu lini? Kijana aliyefukuzwa kazi akaona haya kuja na viatu vilivyochakaa, nani alimkosa? Pengine mwaka mzima umepita, na taarifa ya mwaka imesomwa na kupigiwa makofi, wala jina lake halikutajwa. Hakuna aliyemkataa. Alipita tu kwenye matundu.

Katika somo letu, Bwana Yesu anatusimulia habari za mchungaji mwenye kondoo mia aliyepotelewa na mmoja. Tunapenda kuhubiri jinsi alivyomtafuta na kumbeba mabegani. Tujiulize kwanza: alijuaje kwamba amepotea? Tisini na tisa ni kundi kubwa, na kwa macho tu halionekani kupungua. Alijua kwa sababu alihesabu, tena alihesabu akijua kila mmoja. Mfalme Daudi naye alihesabu watu, akaishia kujuta, maana alitaka kujua ukubwa wa nguvu zake. Mchungaji alihesabu ili ajue aende kumtafuta nani.

Kanisa husimama juu ya watu wasioonekana, kama safari ya kitwitwi inavyosimama juu ya tope. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, leo kabla ya kufunga daftari la sadaka, fungueni daftari la majina. Tafuteni jina ambalo hakuna anayekumbuka kuliona karibuni. Kisha mmoja wenu aende akabishe hodi, wiki hii, bila kubeba bahasha ya mchango.

Jumapili njema, na Mungu awabariki.