Vinundu ndani ya misuli: usikimbilie dawa ya minyoo

Wandugu, hapa kwetu Nizi mtu akipapasa vinundu vidogo vigumu kwenye mkono ao paja, anaweza kufikiri ni minyoo tu, anunue albendazoli. Tusubiri kidogo.

Vinaweza kuwa mabuu ya tegu wa nguruwe, *Taenia solium*. Nyama isiyoiva inaleta tegu tumboni, lakini vinundu vinatokana na mayai yake, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika kinywani kwa mikono ao chakula. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe anapata!

Kwenye picha ya radio, vile vya zamani vinaonekana kama punje nyeupe za mchele. Wakati mwingine munganga anatoa kimoja ili kipimwe. Vya misuli peke yake, bila maumivu, mara nyingi vinaachwa.

Hatari iko kwenye ubongo na macho. Dawa ikiua mabuu ya humo, sehemu ile inavimba: kifafa kinaweza kuanza, jicho linaweza kupofuka. Ndiyo maana kichwa kinapigwa skana kwanza, macho yanaangaliwa, na dawa inaenda pamoja na kortizoni. Skana ni bei, najua. Basi angalau umwambie munganga kama umewahi kuanguka kifafa.